Kitenzi cha Macho na cha Masikio

Kalinovets, 19 Februari 1984

Mpenzi Velizar,

Salamu. Mimi ni mzima. Naandika Kibulgaria peke yangu, bila kamusi. Usicheke.

Kuna habari mbaya kidogo. Jumanne mama alianguka uani. Alitoka kuchukua kuni, akateleza kwenye barafu karibu na kisima. Alilala pale muda mrefu. Alimwita jirani Vasilka, Vasilka hakusikia. Alijaribu kuinuka kwa kushika ndoo, ndoo ikapinduka, maji yakamlowesha. Alilia kidogo. Halafu alinyamaza.

Nyonga imevunjika. Daktari wa Sevlievo anasema kwa umri wake hawapasui, alale tu. Sasa yuko chumba cha chini, karibu na jiko. Mimi nalala humo humo, kwenye kochi. Asubuhi naenda karakana kufuma sweta, mchana narudi kumgeuza, jioni nakamua mbuzi. Wifi Ginka alikuja Jumapili na keki. Alisema chumba kinanuka.

Usiwe na wasiwasi. Mambo yanaenda. Huko kuna joto? Hapa theluji imefika dirishani.

Wako,
Halina


Benghazi, 11 Machi 1984

Halina,

Barua yako nimeisoma juu kwenye kreni, nikaisoma tena chini, mpaka karatasi imelainika kwa jasho.

Mama yangu ameanguka kwenye barafu, anaita, analia, anashika ndoo, na wewe ulikuwa umesimama wapi? Mlangoni? Dirishani? Maana umeandika kama mtu aliyetazama tangu mwanzo hadi mwisho. Ndoo inapinduka, unaona. Mama analia, unasikia. "Halafu alinyamaza." Mungu wangu, Halina! Hata mbuzi akianguka mtu hukimbia.

Nilijiambia labda nimekuelewa vibaya. Kisha ikaja barua ya Ginka. Eti asubuhi ile mligombana, wewe na mama, kwa sababu ya majivu ya jiko. Eti mlango ulibamizwa mpaka Vasilka akasikia ng'ambo ya ukuta. Ginka hakuandika zaidi. Hakuwa na haja.

Nikawasomea wenzangu wa chumbani maneno yako bila kusema ni ya nani. Wote wakajibu jibu moja: huyu aliyeandika alikuwepo.

Najua mama si mtu rahisi. Kama umemchoka, sema. Nauli ya treni mpaka kwenu Lodz nitaituma, na Ginka atatafuta mtu wa kumwangalia. Mimi hapa naungua juani kutwa nzima. Sina nguvu ya kubeba na hili.

Velizar


Kalinovets, 2 Aprili 1984

Velizar,

Barua yako niliisoma nimesimama penye sanduku la posta, sikuelewa. Nikaisoma tena jikoni. Maneno yote niliyaelewa, kosa langu sikuliona. Nikavuta begi langu toka chini ya kochi, nikaanza kutia soksi ndani.

Mama akasikia. "Bibie," akasema, "unakwenda wapi na begi, sokoni?"

Nikampa barua. Akasema miwani yake imevunjika mkono, nimsomee. Nikamsomea yote, hata pale unaposema yeye si mtu rahisi.

"Kwani wewe ulimwandikia nini?"

Nikamwambia, sentensi kwa sentensi, kama nilivyoandika. Nilipofika kwenye ndoo akaanza kucheka. Alicheka mpaka nyonga ikamkata, akawa anacheka na kulia pamoja, ananipiga mkono. "Ewe mtoto wa watu! Umejitolea ushahidi mwenyewe! Kamba umeitafuta mwenyewe, na shingo umetia!"

Kisha akajipangusa macho, akaniuliza, "Nilipoanguka ulikuwa wapi?"

"Karakana, mama."

"Habari ya ndoo ulipewa na nani?"

"Na wewe."

"Basi ndoo hiyo ni ya masikio. Wewe umeiandika ya macho."

Sasa najua. Nikiona mtu anaanguka, nasema *padna*. Nikisimuliwa kwamba alianguka, nasema *padnala*. Ule mkia mdogo wa mwisho ndio "eti" yenu. Mmeificha ndani ya kitenzi na mgeni haioni. Kipolandi hatuna kitu hicho. Kwetu mtu akianguka ameanguka, aliyeona na asiyeona husema neno lile lile.

Miaka minne tumeishi pamoja, Velizar. Kila nikikosea ulicheka, ukasema nazungumza kama kitoto kizuri. Hukunisahihisha hata mara moja.

Ndiyo, tuligombana kwa ajili ya majivu. Mlango niliubamiza mimi. Hilo liandikwe kwa kitenzi cha macho.

Mama anataka kuongeza neno lake. Ananiamuru niandike kama anavyotamka: "Velizar, punda we. Mkeo alinikuta nimekuwa barafu, akanibeba mgongoni mpaka ndani kama gunia la viazi, na mifupa yake ile unayoijua. Hayo nimeyaona mimi, kwa macho haya. Ukitaka kumfukuza mtu nyumbani kwangu, niulize mimi kwanza. Bado sijafa. Na uvae kofia juani."

Halina


Benghazi, 6 Mei 1984

Halina mpenzi,

Nimechana barua nyingi kabla ya hii. Nina aibu. Unaposema sikukusahihisha, unasema kweli. Nilipenda ulivyozungumza. Ilikuwa kama nyumba yetu ina lugha yake. Sikuwaza kwamba kuna siku utaihitaji lugha ya watu wote, na mimi nikiwa mbali.

Mwambie mama nimevaa kofia. Mwambie punda anamsalimu.

Sasa jambo jingine, na uliseme kwake polepole. Kiangazi sitakuja. Mkataba umeongezwa mwaka mzima, kwa kikosi chetu chote. Wakubwa wameamua, sisi hatukuulizwa. Nimechoka, Halina. Mchanga unaingia mpaka kwenye mkate. Usiku nasikia kreni ikilia hata ikiwa imezimwa.

Mwaka Mpya nitajitahidi nifike.

Wako,
Velizar


Kalinovets, 22 Julai 1984

Velizar,

Samahani kwa kukaa kimya. Kukiwa na joto mama hatulii, na kila shuka lazima lifuliwe siku ile ile. Nimepata mikono ya mtu mzima. Ginka sasa anakuja Jumatano pia. Namshukuru, ingawa yeye huingia na kofia kichwani, hukaa na kofia, huondoka na kofia, kama yuko kituo cha treni. Wiki iliyopita tulimgeuza mama pamoja, akaona kidonda cha mgongoni. Akatoka nje. Aliporudi alikuwa ameivua kofia. Tangu siku hiyo hatujagombana.

Mama hali sana. Uji wa mahindi na jibini kidogo, basi. Ila kunifundisha hajaacha. Ndiyo kazi aliyobaki nayo, anasema, mbuzi nimemnyang'anya, jiko nimemnyang'anya.

"Nisimulie harusi yako," ananiambia.

Namsimulia kwa kitenzi cha macho.

"Vizuri. Nisimulie harusi yangu."

Naanza kwa macho, ananikata: "Ulikuwepo wewe? Ulikunywa rakia yangu? Masikio, mwanangu, masikio!"

Wafalme wote, anasema, ni wa masikio. Hadithi zote za watoto, masikio. Mambo ya Vasilka na marehemu fundi viatu, masikio, ingawa yeye mama aliwahi kuona kidogo. Na kuna kitu kimoja kilichonishangaza. Eti mtu akisinzia, hata habari yake mwenyewe anaisema kwa masikio: "Nililala, kumbe." "Kwa nini, mama? Si ni mimi mwenyewe?" Akanitazama kama mtoto mjinga. "Ulipokuwa umelala, ulikuwepo?"

Mchana mwingine huwa hajui mimi ni nani. Ananiita kwa jina la dada yake. Basi ninaitika.

Sasa nina swali, na nimetafuta kitenzi chake kwa muda mrefu. Dimcho mpiga lipu amerudi kutoka kwenu. Dukani, mbele ya watu, alisema kwamba kikosi kilirudi chote isipokuwa wale waliobaki kwa hiari. Eti uliomba mwenyewe. Eti ulikwenda ofisini ukasaini kabla hujaulizwa. Watu wengine wakaongeza na mwanamke, muuguzi, lakini watu wa dukani huongeza mwanamke hata kwenye bei ya mkate.

Nimeandika yote hayo kwa masikio, Velizar, kwa makusudi, kwa sababu sikuona. Wewe ulikuwepo. Nijibu kwa kitenzi unachokijua.

Mama sikumwambia neno. Anauliza tu kama basi la Sevlievo bado linasimama darajani. Linasimama.

Halina


Benghazi, 19 Agosti 1984

Halina,

Niliomba mwenyewe. Nilikwenda, nikasaini. Macho.

Mwanamke hakuna. Ningekuwa na mwanamke ungenielewa kwa urahisi zaidi, nadhani, na hata mimi ningejielewa.

Baba yangu alifia chumba kile kile cha chini. Nilikuwa bado sijaenda jeshini. Mapafu yalikuwa yameoza kwa vumbi la mgodi. Mama alikuwa amekwenda kumwita daktari, Ginka alikuwa shuleni. Mimi nilishika beseni. Sitakuandikia nilichokiona. Watu wote kijijini wanasema baba aliondoka kwa amani, kama walivyosimuliwa na mama, na mama alisimuliwa na mimi. Ni mimi peke yangu ninayejua kwa macho, na niliwadanganya. Tangu siku hiyo kila nikishuka kuchukua chupa za kachumbari mle ndani nilibana pumzi.

Uliponiandikia kwamba mama amehamishiwa chumba kile, karibu na jiko, niliteremka kwenye kreni kabla ya saa ya chakula. Nilikukasirikia wewe kwa sababu ilikuwa rahisi. Halafu wakaleta karatasi ya wanaotaka kubaki.

Nilijiambia: Halina yupo. Halina ana nguvu. Ni maneno ya mwoga, najua.

Desemba nitakuja. Nimeshaomba ruhusa, na safari hii ni kweli. Mwambie mama anisubiri.

Velizar


Kalinovets, 14 Oktoba 1984

Velizar,

Telegramu ya Ginka umeipata, na yako tumeipata, kwamba ndege ilikuwa imejaa. Tulizika bila wewe. Hukuweza kufika, najua. Watu walikuja wengi. Ginka alipika ngano ya kuwagawia waombolezaji, mimi nilioka mikate. Kaburi lina kivuli cha mti wa mlozi, upande wa baba yako.

Nakuandikia jinsi ilivyokuwa. Nimechelewa kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Ilikuwa mchana. Tulikuwa tunachoma pilipili uani, Vasilka na mimi, za kusaga kwa ajili ya baridi. Mama alitaka dirisha lifunguliwe apate harufu. Ginka alikuwa amekwenda dukani kutafuta vifuniko vya chupa. Nikaingia ndani kumwangalia. Asubuhi ile alikuwa amenijua, aliniita Halina, akala vijiko kadhaa vya uji. Utauliza kama nilimpa barua yako. Ndiyo, nilikuwa nimemsomea tangu Septemba ilipofika, yote, na habari ya beseni. Unisamehe, lakini ilikuwa yake kuliko yangu. Kisha alisema, "Nilijua. Shuka nilizifua mimi." Halafu akasema, "Maskini mtoto, amekaa na lile beseni miaka yote hii." Hayo niliyasikia mwenyewe, kwa hiyo yamo katika kitenzi cha macho. Yachukue hivyo.

Basi mchana ule nilikaa kwenye kiti, nikamshika mkono. Akaniambia, "Sema kitu." Nikauliza, niseme nini? "Chochote, cha kwenu." Nikamsimulia tramu ya Lodz wakati wa theluji, inavyokwenda polepole na mbele yake mtu anasafisha reli kwa ufagio. Akauliza kama huyo mtu wa ufagio analipwa vizuri. Nikasema sijui. Akacheka kidogo. Nikaendelea.

Na hapo nililala, Velizar. Nililala, kumbe. Usiku uliotangulia sikufumba jicho, na uliotangulia huo pia. Niliamshwa na Vasilka akipiga kelele uani kwamba pilipili zinaungua. Mkono wa mama ulikuwa bado ndani ya mkono wangu. Nilijua kabla ya kugeuka.

Ginka aliponiona nimekaa na kalamu, alisoma juu ya bega langu. Nilikuwa nimeandika *pochinala*, kwamba alifariki kwa masikio. Akasema, "Halina, ondoa ule mkia. Mwandikie ulimwona, kwamba alivuta pumzi, akatabasamu, akaenda. Ni silabi moja tu. Acha kaka yangu apate usingizi."

Alisema kwa wema. Alilia. Nami niliitaka silabi ile iondoke, nakwambia kweli. Nilishika kifutio. Kwa miezi yote hii nimefua, nimegeuza, nimelisha, na saa yenyewe sikuwepo. Nani angejua? Sentensi ingekuwa sahihi kabisa, hata mwalimu wangu angenipa alama nzuri.

Lakini wewe tayari una kifo kimoja cha namna hiyo, kilichonyooshwa ili watu walale. Sikuweza kukupa cha pili.

Kwa hiyo: mama alifariki, nami sikuona. Nilikuwa nimemshika mkono, na sikuona. Hakuita. Kama angeita ningeamka, usingizi wangu naujua, nilikuwa naamka hata akimeza mate. Hayo ndiyo ninayoyajua.

Arobaini ikipita nitakwenda kwa mama yangu. Begi nimefunga bila hasira. Mbuzi nimempa Vasilka. Ufunguo uko kwa Ginka. Nimechoka kiasi kwamba nikiketi sioni sababu ya kusimama.

Halina


Kalinovets, 28 Desemba 1984

Halina mpenzi,

Nimefika Jumatatu. Basi lilinishusha darajani. Langoni kuna tangazo la kifo lenye picha ya mama. Mvua imelainisha wino na uso umefifia, ila kitambaa cha kichwa kinaonekana. Nilisimama pale mpaka Vasilka akatoka na kunishika mkono kama mgonjwa.

Niliingia chumba cha chini. Nilikaa. Sikubana pumzi. Kuna baridi tu, jiko halijawashwa, na pazia umelifua.

Tangu nimefika watu hawaishi. Kila mmoja ana kipande chake. Vasilka anasema mama alikuwa akiimba mkimkogesha. Ginka anasema ulimkata nywele zikatoka upande, mama akakataa kutazama kioo wiki nzima. Mwalimu mstaafu wa jirani anasema kwamba kuelekea mwisho mama alijigamba kwa kila aliyekuja kumwona: "Mkwe wangu anazungumza kuliko spika wa redio." Wote wanasimulia, mimi naitikia kwa kichwa. Jana shemeji, mume wa Ginka, aliniuliza mbele ya wageni mama aliugua vipi. Nikaanza kueleza, na nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukiweka mkia kwenye kila kitenzi. Alikula, eti. Alicheka, eti. Aliniuliza mimi, eti. Mwaka mzima wa mama yangu, na sina hata neno moja la macho. Nilinyamaza katikati. Walidhani nimelemewa na msiba.

Barua yako ya Oktoba ninayo mfukoni. Sikupata usingizi nilipoisoma, Ginka alikuwa na haki. Ila nimelala vizuri jana, kwa mara ya kwanza, kitandani kwa mama. Sijui nielezeje.

Huko sirudi tena. Kreni nimewaachia. Sikuombi urudi, sina uso huo. Nauliza tu kama unaweza siku moja kunisimulia kwa mdomo. Yote, tangu ile ndoo. Nije wapi?

Velizar


Lodz, 16 Januari 1985

Velizar,

Njoo hapa. Mimi sitoki sasa.

Treni ya Sofia inafika Warszawa asubuhi. Ubadilishe pale pale, usikubali mtu akupeleke kituo kingine. Vaa viatu vya baridi, vile vya Libya viache. Mama yangu atakuchekea na kukujaza supu ya kabichi, lakini hajui neno la Kibulgaria na wewe Kipolandi chako ni cha ufukweni, bia na aiskrimu. Mtaelewana kwa vijiko.

Nitakusimulia. Itachukua siku kadhaa, kwa sababu mengine nitayasema nikiwa nimekasirika, na mengine sitaweza mpaka uwe umegeuza uso. Usinikatize. Baada ya hapo tutaona kama sisi ni mume na mke, au ni watu wawili waliompenda mwanamke mmoja. Sijui bado, na nimechoka kujifanya najua.

Usilete zawadi. Lete chupa moja ya zile pilipili. Ziko kabatini, zimeungua kidogo, ila zinalika.

Nitakuja kukupokea. Usiponiona kituoni kaa kwenye benchi unisubiri. Siku hizi nalala sana.

Halina